Uliza Fundi: BMW 320i au Mercedes C180?

SWALI: *Dada fundi, habari za kazi. Mimi ni mfamasia, naishi Morogoro, maeneo ya Bigwa. Mimi na mume wangu tumeuza Noah yetu na tumejikusanya hadi milioni 40. Tumezunguka yadi za Dar es Salaam tukabakiwa na magari mawili, bei zake karibu sawa: BMW 320i ya 2014 nyeusi, kilomita 71,000, na Mercedes C180 ya 2015 nyeupe, kilomita 83,000. Yote yametoka Japani, ya petroli. Mume wangu hataki kusikia kingine zaidi ya BMW. Mimi nilipokaa kwenye ile Benzi sikutaka kushuka. Kazini kwangu ni karibu, ila kipande cha mwisho ni vumbi na mawe. Mwisho wa mwezi tunakwenda Dar, Desemba tunapanda Iringa kwa wakwe, na tuna watoto wawili. Ndugu wanatuambia tuachane na Wajerumani tuchukue Toyota Crown. Tunaomba utuamulie.*

JIBU: Dada yangu, msalimie sana shemeji. Naanza na jibu kabisa, maana mwenye yadi hatawasubiri mpaka mmalize kusoma: kati ya hayo magari mawili, chukueni C180, mradi ipite kwenye ukaguzi nitakaoueleza hapa chini. Lakini shemeji asivunjike moyo. Kama mngekuwa mnachagua kati ya Benzi hiyo na 320i ya 2016, ningemuunga mkono yeye.

Miaka miwili tu inabadilishaje jibu? Injini. Watu wengi wakilinganisha BMW na Benzi wanalinganisha nembo, na biashara ya yadi inaishi kwa hilo. Gari la Kijerumani lililotumika halinunuliwi kwa nembo. Linanunuliwa kwa namba ya injini, mwezi lilipotoka kiwandani, na makaratasi yaliyokuja nalo. Mwaka mnaoambiwa yadi ni sehemu ndogo sana ya habari.

Hiyo 320i ni ya kizazi kinachoitwa F30, kilichoingia sokoni 2012. Mpaka 2015 nyingi zilifungwa injini ya N20, lita mbili yenye tabo (turbo), nguvu za farasi 184. Ni injini tamu kuendesha, inavuta mapema na hainywi sana. Tatizo lake linajulikana dunia nzima: gaidi (guides), yaani reli zinazoiongoza cheni ya taimingi ndani ya injini, ni za plastiki, na kwenye zile za mwanzo plastiki hiyo inakauka na kuvunjika. Vipande vinaanguka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, vinakwenda kuziba mdomo wa pampu ya oili. Cheni ikilegea ikaruka meno, injini imekwisha. Marekani wenye magari ya 2012 hadi 2015 waliipeleka BMW mahakamani kwa jambo hilihili, na kesi ikaishia kwenye makubaliano ya kurefusha warantii ya sehemu hizo. Kiwanda kilizibadilisha gaidi mwanzoni mwa 2015. Kwa hiyo gari la 2014 bado lina zile za zamani, isipokuwa kama kuna mtu alishazibadilisha na ana risiti ya kuonyesha.

Ya pili, pampu ya maji ya N20 inazungushwa na mota ya umeme, haina uhusiano na mkanda. Ikifa, hamtasikia mkanda ukilia. Na dashibodi ya F30 ya kawaida haina mshale wa joto la maji, kwa hiyo dereva anapata taarifa pale taa inapowaka, na muda huo kichwa cha injini kimeshachemka. Kwa mtu wa mjini anaweza kusimama pembeni. Ninyi mnaopanda Kitonga mkielekea Iringa, na gari limejaa watoto na mizigo, nawataka muwe na pampu isiyo na mashaka.

BMW ilipoipitia F30 upya mwaka 2015, ikaanza kuingiza injini mpya ya B48. Hiyo naipenda kwa moyo wote. Ina kasoro yake moja ya kuijua: cheni iko nyuma, upande wa giaboksi, kwa hiyo ikitokea ikahitaji kuguswa kazi ni kubwa na gharama ni kubwa. Ila hizo gaidi za balaa haina. Mwaka 2015 wenyewe ni wa mpito, msikubali kuambiwa tu "hii ni ya 2015, ni mpya". Kwenye cheti cha kutolea gari Japani kuna nafasi ya aina ya injini. Ikianza na N20 mnajua mko wapi, ikianza na B48 mnajua pia.

Sasa Benzi. C180 ya 2015 ni kizazi cha W205, kilichoanza 2014. Injini yake ni M274 ya sentimita za ujazo 1,595, nguvu za farasi 156. Kwa karatasi ni dhaifu kuliko BMW, na shemeji ataisikia tofauti akitaka kulipita lori. Kwa mwendo wenu, wa kazini, Dar na Iringa, inatosha na kubaki. Siti zake na jinsi inavyomeza mashimo ndivyo vilivyokufanya usitake kushuka. Hapo hukukosea: BMW imetengenezwa kumfurahisha anayeshika usukani, C-Class imetengenezwa kuwafurahisha wote waliomo ndani. Urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,840 kwa Benzi na 2,810 kwa BMW, na buti zote ni lita 480. Kwa nafasi, basi, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Mimi ni fundi umeme, na upande huu ndio unaoninyima usingizi kwa wateja wa W205, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Mfumo wake wa kuzuia wizi unafunga pamoja funguo, swichi, kompyuta ya injini na kompyuta ya giaboksi, kila kimoja kinamtambua mwenzake kwa namba ya chesisi ya gari hilohilo. Huwezi kwenda Ilala ukanunua kontroli boksi iliyotumika ukaibandika ikafanya kazi. Funguo mpya nazo huagizwa kwa njia ya wakala wa Mercedes kwa chesisi yako, na unalipa hasa. Kwa F30, fundi mwenye vifaa vizuri anaweza kukutengenezea funguo mtaani. Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwenye hiyo Benzi: funguo mbili mkononi, zote zimejaribiwa kufungua milango na kuwasha, kabla hamjatoa hata shilingi. Yadi wakisema "ya pili inakuja", nanyi waambieni pesa inakuja.

Na kuna watu watawashauri mrudi kwenye C180 ya kizazi cha nyuma, W204, kwa sababu ni rahisi. Msirudi. Wengi wenu mmeisikia hadithi ya usukani wa W204 unaogoma kufunguka na gari kukataa kuwaka. Ni mota ya kufungia usukani inayokufa, na inajulikana kila mahali gari hilo lilipouzwa. Injini zake za 1.8 nazo zina sifa ya kulegeza cheni na kula ajasta za kamshafti. Hicho mtakachookoa kwenye bei kitakwenda hukohuko.

Giaboksi. BMW hiyo ina gia nane za ZF, moja ya giaboksi bora zilizowahi kutengenezwa, na Benzi ina gia saba za Mercedes wenyewe. Mtaambiwa oili ya giaboksi ya BMW ni ya maisha. ZF wenyewe, waliolitengeneza boksi hilo, wanasema oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Mimi namsikiliza aliyelitengeneza. Gari lolote mtakalochukua, tengeni pesa ya kubadilisha oili ya giaboksi na filta yake mwezi wa kwanza. Muwe na oili sahihi yenye namba ya kiwanda, siyo "ATF tu yoyote nyekundu". Na oili ya injini, sahauni hesabu za Ulaya za kilomita 15,000 au zaidi. Kwa vumbi letu, foleni yetu na joto letu, nabadilisha injini za tabo kila kilomita 7,000 hivi, na sijawahi kumshauri mtu vinginevyo.

Barabara ya vumbi na mawe sasa. Angalieni kama hiyo Benzi ni ya AMG Line, au kama hiyo BMW ni ya M Sport, yaani matoleo ya kimichezo. Yadi wanaiuza kama sifa, na kwa macho ni nzuri kweli, lakini hayo yameshushwa chini na mara nyingi yana rimu za inchi 18 zenye tairi nyembamba. Kwa Bigwa tafuteni la kawaida lenye rimu za inchi 17, tairi 225/50. Tena mtazame ubavu wa tairi. Mengi ya magari haya yamekuja na tairi za run-flat, zile zinazoweza kutembea hata zikipasuka, na kwa sababu hiyo kwenye buti hakuna tairi ya akiba. Tairi hizo ni ngumu, zinapigiza bushi na kontroli amu za mbele, na usiku mkiwa Mikumi hamtapata ya kubadilisha. Ninaowahudumia nawafungia tairi za kawaida na kuwatafutia rimu ya akiba ya saizi ileile, ilale kwenye buti imefungwa mkanda. Inakula nafasi ya begi moja. Acheni iile.

Betri pia. Magari yote mawili yana mfumo wa kuzima injini kwenye foleni na kuwasha yenyewe, kwa hiyo yanataka betri ya AGM, ile ya kustahimili kuwashwa mara kwa mara. Mtu akiwawekea betri ya kawaida kwa sababu ni nusu bei, mtaanza kuona taa za ajabuajabu kwenye dashibodi na mtauziwa sensa ambazo hazijafa. Kwa BMW, betri mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo gari linaendelea kuichaji kama ile nzee iliyotoka. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye mashine. Asiye na mashine atawaambia si lazima.

Kabla ya kulipa, kuna jambo naomba mlifanye pamoja, mume na mke, Jumamosi moja. Chukueni namba za chesisi za magari yote mawili, nendeni Kariakoo kwenye maduka mawili au matatu ya spea za Kijerumani, na kila duka muulize bei ya vitu vilevile: shokapu za mbele, kontroli amu za mbele, pampu ya maji, koili moja, betri ya AGM, sensa ya ABS, na taa ya mbele nzima. Msiseme mnataka kununua gari. Semeni gari mnalo na limeharibika. Andikeni bei kwenye daftari, na mwulize kipo dukani au kinaagizwa. Taa ya mbele ya magari haya itawashtua, na ndiyo maana naomba muulize. Ni kitu kinachovunjwa na mwendesha bodaboda mmoja kwa sekunde moja. Daftari hilo litawaambia kuhusu maisha yenu na gari kuliko mimi. Kisha mtafuteni fundi mliye naye hapohapo Morogoro mumwulize kwa heshima kama ana mashine ya kusoma magari haya. Kama hana, kila taa ikiwaka mtakuwa mnakuja Dar, na hilo liingizeni kwenye hesabu.

Siku ya kukagua, nendeni asubuhi na mapema na muwe mmeshamwambia mtu wa yadi asiliwashe gari kabla hamjafika. Mkifika, wekeni kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, ageni mrudi kesho, kwa sababu siri za cheni zinasikika injini ikiwa baridi tu. Shemeji awashe, wewe simama mbele na boneti iko wazi. Sekunde za kwanza ndizo zenye maneno. Mkwaruzo kama wa mnyororo wa baiskeli unaoisha baada ya muda mfupi ni dalili ya cheni au ajasta, kwa gari lolote kati ya hayo. Kwa N20 kuna na mlio mwembamba wa kufinyafinya, kama filimbi ya mbali, unaopanda pamoja na mizunguko ya injini. Mkiusikia, fungeni boneti kwa upole, shukuruni, ondokeni. Kama hamsikii kitu, mwombeni fundi wenu afungue filta ya oili na kuikunjua mikunjo yake juani. Chembe za plastiki za rangi ya kahawia zinaonekana kwa macho. Mwenye yadi akikataa filta isifunguliwe, ameshawajibu.

Halafu liendesheni nusu saa, siyo kuzunguka yadi. Lipite foleni mpaka lichemke, lipite tuta, lipite barabara mbovu na redio imezimwa. Pimeni kwa mashine kabla na baada, kwa sababu kufuta makosa kwenye kompyuta ya gari asubuhi ni mchezo wa kawaida sana, na makosa ya kweli hurudi gari likishatembea.

Sasa makaratasi, na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Gari lililonunuliwa mnadani Japani huwa na karatasi ya mnada. Juu kuna daraja: 4.5 na 4 ni magari mazuri, 3.5 lina mikwaruzo na vitu vidogo, na R au RA maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Ndani ya gari hupewa herufi, A ikiwa safi. Chini kuna mchoro wa gari limelazwa wazi kama ngozi ya mbuzi, na juu ya mchoro kuna alama: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipopigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mkiona W na XX upande wa mbele kote, hata kama daraja ni 4, mnalo swali la kuuliza. Mkiambiwa karatasi ya mnada imepotea, ombeni cheti cha kutolea gari Japani. Humo huandikwa kilomita zilizosomwa gari lilipopita ukaguzi wa serikali kule, ambao kwa gari jipya hufanyika baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Gari la 2014 lenye kilomita 71,000 leo, na cheti kikasema 90,000 miaka kadhaa iliyopita, halihitaji mahubiri.

Ndugu wanaosema Crown hawajakosea. Crown atatengenezwa na fundi yeyote kuanzia Tunduma hadi Bukoba, na siku ya kuuza ataondoka kabla ya saa sita mchana. Mnachopata kwa Mjerumani ni namna gari linavyokaa barabarani na namna lilivyojengwa ndani. Anayesema hakuna tofauti hajaendesha yote mawili. Ila mjue mnanunua pia nidhamu: oili kwa wakati, kulanti na siyo maji ya bomba, petroli ya kituo chenye wateja wengi na siyo ya vidumu. Huko Japani magari yote haya mawili yanawekewa petroli ya daraja la juu, na kama mnasoma Kijapani stika iko kwenye kifuniko cha tanki. Mkiwa na milioni 40 kamili, tafuteni gari la 34 au 35. Kinachobaki kisiguswe, ni cha gari.

Na jambo jingine ambalo yadi hawatawaambia: tangu 2024 mna SGR. Kwa mtu mmoja anayekwenda Dar na kurudi, treni ya umeme inamshinda BMW na Benzi yote kwa pamoja, na gari linabaki nyumbani likipunguza kilomita za kulichosha. Mkihesabu upya safari zenu mnaweza kugundua kuwa hamna haraka ya kununua mwezi huu. Na kama hamna haraka, shemeji ana nafasi yake: agizeni wenyewe 320i yenye B48, msubiri meli. Kabla ya kuagiza ingieni kwenye kikokotoo cha TRA, maana gari lenye umri wa miaka minane hadi kumi linaongezewa ushuru wa asilimia 15 kwa uchakavu, na likizidi kumi ni asilimia 30. Mara nyingi gari jipya kidogo, ambalo bei yake Japani inatisha, likifika bandarini linakuwa limesogea karibu sana na lile chakavu. Watu wanaangalia bei ya Yokohama na kusahau ya Dar.

Mkishalichukua, kabla hamjalitoa jijini, andikisheni namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na taa. Nafahamu vinachafuka kidogo. Lakini vioo vya C-Class vinapendwa na wezi, na hivyo vilivyoandikwa huwa wanavipita.

SWALI: *Fundi, hujambo. Niko Tudor, Mombasa. Nataka kuagiza moja kutoka Japani, BMW 318i ya 2018 au Mercedes C180 ya 2018. Rafiki yangu ameniambia nichukue C180 kwa sababu injini ni ndogo kuliko BMW zote, kwa hiyo ushuru ni mdogo. Ni kweli?*

JIBU: Kaka, kwa hiyo 318i si kweli, na kwa Kenya tofauti hii inauma. 318i ya F30 baada ya 2015 ina injini ya silinda tatu, sentimita za ujazo 1,499. C180 ni 1,595. Ushuru wa bidhaa wa Kenya unabadilika kwenye 1,500: chini yake ni asilimia 20, juu yake 25. BMW imepita chini ya kamba kwa sentimita moja, na Benzi imekwama kwa 95. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba C200 iliyofanyiwa mabadiliko mwaka huo wa 2018 ina injini ya 1,497, kwa hiyo kwenye kigezo hiki C200 ina asilimia ndogo kuliko C180. Lakini thamani ambayo KRA wanaanzia hesabu ni kubwa zaidi kwa C200, basi piga hesabu nzima ya kila gari kabla hujafurahi. Na lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, vinginevyo halishuki Kilindini.

C200 hiyo ina mfumo wa volti 48 unaosaidia injini. Ni mzuri, lakini nakuomba usiwe wa kwanza mtaani kwenu kujifunza unavyotengenezwa.

Kwa Mombasa mimi ningechukua 318i. Silinda tatu inatikisika kidogo ukiwa umesimama kwenye foleni ya Likoni, ukianza kutembea husikii. Ila hewa ya chumvi haina huruma na viungio vya umeme. Mwambie fundi afungue soketi za taa za mbele na za sensa za magurudumu, akitafuta ukungu wa kijani kwenye shaba. Hata gari likitoka Japani safi, fanya hivyo kila mwaka.

SWALI: *Niko Arusha, nafanya biashara ya mboga, kila wiki naenda Dar. Nimeona BMW 320d ya 2013. Dizeli si ndiyo nafuu?*

JIBU: Kwa safari yako dizeli ndiyo yenyewe, kwa sababu chujio la moshi linapata muda wa kuchemka na kujisafisha. Angekuwa mtu wa kwenda sokoni na kurudi tu, ningemkataza, kwa sababu lingeziba. Lakini siyo hiyo ya 2013. Hiyo ina injini ya N47, ambayo cheni yake ni ya sifa mbaya na iko nyuma, hivyo kuigusa ni kushusha giaboksi. Subiri upate ya baada ya 2015 yenye B47. Dizeli yetu Afrika Mashariki iliteremshwa hadi salfa ya sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na magari haya yalitengenezwa kwa dizeli ya Ulaya yenye 10, kwa hiyo usitegemee chujio lidumu kama Ujerumani. Ukilikuta lile unalolitaka, mwambie muuzaji akupe namba ya chesisi leo, umtumie fundi wako akuangalizie aina ya injini kabla hujapanda basi.